Mkanda wa Kiti cha Katikati

Ile taa nyekundu ilianza kuwaka walipopita Mtito Andei, saa nne asubuhi, jua likichoma. Ting, ting, ting. Dashibodi ilionyesha kiti cha nyuma, cha katikati: abiria hajafunga mkanda. Na abiria hakuwepo. Nyuma alikaa Mama Wahu peke yake, upande wa kushoto.

"Hii sensa ya kiti imekufa," Muigai alisema.

Muigai ana duka la vifaa vya ujenzi pale mtaa wa Pioneer, Eldoret, na ni mtu wa haraka mpaka anachosha. Walikuwa wametoka Mombasa kumwona binti yao Lynette aliyejifungua, na Muigai alikuwa ameapa kufika nyumbani kabla ya giza. Alikuwa amesimama mara moja tu, kando ya barabara kabla kidogo ya Mtito Andei, kwa sababu Mama Wahu, mama yake mzazi, alibanwa na haja. Mlango wa nyuma ulibaki wazi kama dakika tano.

Ting, ting, ting.

"Simama tuangalie, Baba Lynette," mkewe Nyokabi alisema.

"Tuangalie nini? Hewa?"

Alisimama kwa hasira, akafungua mlango wa nyuma huku akikitukana kiti na kila aliyekitengeneza, akauvuta mkanda juu ya kiti kitupu na kuuchomeka. Klik. Kelele ikaisha. "Haya! Kaa hapo na unyamaze!"

Wenye magari wengi hufanya hivyo, hata mimi nimefanya. Ila Mama Wahu alijisogeza mlangoni na kujifunika shuka. "Kuna baridi huku," alisema. Walikuwa bado kwenye nyika, mahali ambapo hata mbuzi hutafuta kivuli.

Kesho yake Nyokabi alisafisha gari, akaufungua ule mkanda bila kufikiri. Mchana huohuo Mama Wahu alilala na hakuweza kuinuka. Walimrundikia mablanketi, wakamwekea jiko la makaa, lakini mikono yake ilibaki baridi kama soda ya friji. Daktari hakuona ugonjwa. Mchungaji aliomba mpaka sauti ikakauka. Chumba kilinuka vumbi la moto na nyasi kavu, na Eldoret mvua ilikuwa imenyesha wiki nzima.

"Mwambieni asogee," Mama Wahu alinong'ona siku ya tatu. "Ananibana. Anauliza atafika kwao lini."

"Nani, Mama?"

"Huyu wa katikati."

Nyokabi alitazama kitanda, akaona godoro limebonyea kando ya mama mkwe wake pale ambapo hapakuwa na mtu, na blanketi lililokuwa limelala bapa likaanza kupanda na kushuka, kupanda na kushuka, kama kifua cha mtu aliyelia hadi akachoka, na kutoka chini yake, taratibu kabisa, akasikia ting, ting, ting.

Alikimbia kumwita Mzee Kipkirui wa Chepsaita, aliyeendesha malori ya Mombasa na Malaba miaka thelathini. Mzee hakuja na Biblia wala mitishamba. Alikwenda kwenye gari kwanza, kisha kwa mgonjwa.

"Nani alifunga mkanda?"

"Ni mimi," Muigai alisema. "Sensa ilikuwa..."

"Wacha mambo ya sensa! Sisi madereva tunawajua. Jini ya hiyo barabara inapanda, inakaa kidogo, inashuka kwao. Wewe unaendesha tu. Sasa umeifunga kama mbuzi ya soko, ukaitukana, ukaileta kwa hii baridi. Unadhani inapenda Eldoret?"

"Tufanye nini, Mzee?" Nyokabi aliuliza.

"Ialikeni kwa gari. Ifungeni mkanda polepole, muirudishe mpaka pahali ilipanda. Hapo, huyu aliyeitukana afungue mkanda na aseme pole. Aseme na roho safi, ama huyu mama hatamaliza wiki."

"Niende kilomita mia tano na zaidi niambie hewa pole?" Muigai alifoka.

"Ni mama yako," Nyokabi alisema.

Basi Nyokabi akaialika garini, akaifunga mkanda polepole, na Muigai akaondoka nayo peke yake, shingo ikiganda kwa baridi iliyotoka kiti cha nyuma. Malori yalimziba Salgaa, polisi walimsimamisha mara nne, mvua ikampiga mpaka Naivasha. Alipofika pale waliposimama siku ile ilikuwa saa kumi jioni, mgongo unamuuma, amechukia dunia nzima. Alifungua mkanda, taa nyekundu ikawaka. Akafungua kinywa aseme pole. Ng'ambo ya barabara dereva wa lori alikuwa akimtazama, na Muigai akaona aibu.

"Umefika, shuka," alisema. "Umenisumbua vya kutosha."

Taa ilizimika. Simu ikalia: Mama Wahu ameamka, anataka uji.

"Ulisema pole?" Nyokabi aliuliza.

"Nimesema."

Alilala Nairobi, na kesho yake akaingia nyumbani kwake Pioneer saa saba mchana, hakuna ting hata moja njia nzima. Mama Wahu alikuwa barazani na kikombe chake cha uji, Mzee Kipkirui kando yake. Muigai akabonyeza kitufe cha mkanda wake. Haukufunguka. Akabonyeza tena, akavuta, akaita, Nyokabi akaja na kisu cha jikoni akaukata mkanda vipande viwili, na bado mumewe hakuweza kuinuka, mikono iko huru lakini kifua kimebanwa kwenye kiti na kitu kizito chenye baridi, na gari lote likajaa harufu ya nyasi kavu. Ting, ting, ting.

"Pole," Muigai alisema. "Pole! Pole sana!"

Mzee Kipkirui alitikisa kichwa dirishani. "Hiyo pole ilikuwa ya kule."

Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, lakini hapa guu lililokuwa hatarini halikuwa lake peke yake. Mama Wahu aliweka kikombe chini. Alitembea taratibu, akafungua mlango wa nyuma, akaketi upande wa kushoto.

"Mama, usipande! Itakuua!" Muigai alipiga kelele.

"Wewe endesha turudi kule," mama yake alisema. "Kuongea nitaongea mimi."

Muigai aliwasha gari huku akilia. Kwenye kioo alimwona mama yake akikunjua shuka, akajifunika nusu, na nusu nyingine akaifunika juu ya kiti cha katikati. Ilibaki imeinuka pale, kama iliyofunika magoti ya mtu.