Filta Isiyo na Koki

Kosa ni langu, nalisema kabla shemeji hajalisema. Duka la vipuri pale Khorog halikuwa na namba ya filta ya dizeli ya lori langu. Muuzaji akafungua jedwali la namba zinazobadilishana: yangu kushoto, mbadala wake kulia. Nikapima kimo, nikajaribu nyuzi za skrubu, ikaingia kama kidole puani. Nikaridhika. Filta ya zamani ilikuwa na koki kwa chini, ya kumwagia maji yanayojitenga na dizeli. Hii mpya haikuwa nayo. Niliona kabisa, nikasema koki ni pambo tu.

Nilikuwa na Qadamsho, mdogo wake mke wangu, anakwenda Murghab kupiga rubabu, gambusi ya kwetu, harusini. Tulipoumaliza mlima wa Koitezek, lori likakohoa, likazima. Upepo ulikuwa unatupiga theluji ubavuni. Injini ikizima, hita nayo imezima, na huku juu baada ya hita anafuata mtu. Pumzi zetu zilikuwa tayari zimeganda kiooni.

Nikawasha matambara chini ya tangi, kama tunavyofanya madereva wote. Injini haikuwaka. Nikaigonga filta, ikalia kama jiwe. Maji yaliyokuwa ndani ya dizeli yalishuka chini, yakakosa pa kutokea, yakawa barafu.

Mkono wangu haukupenya kati ya filta na fremu. Wa Qadamsho ulipenya, bila glavu.

"Vidole vyembamba hivyo ndivyo vya kazi, shemeji," nikamwambia.

"Ungepima koki jana, leo usingenipima vidole."

Akavua glavu, akaifungua filta. Dizeli ya baridi ile haigandi mkononi, inaunguza. Ilimtiririkia mpaka kwenye viwiko. Tukaiyeyusha barafu motoni, akairudisha filta, nikapampu, lori likawaka. Bondeni likazima tena. Akavua glavu tena. Akaunguzwa tena. Mara ya tatu hakunitania, nami nikaogopa.

"Mikono inauma?"

"Ilikuwa inauma," akasema.

Tuliingia Alichur tukitambaa. Burulkan, mwenye nyumba ya kwanza barabarani, alitufungulia mlango. Akachochea moto wa samadi jikoni, akatutilia chai ya maziwa na chumvi, akaitumbukiza mikono ya shemeji kwenye beseni la maji ya uvuguvugu. Vidole vinne vilibaki vyeupe kama mshumaa. Nilimnywesha chai mimi mwenyewe, bakuli mdomoni, na kwa mara ya kwanza tangu nimwoe dada yake sikuwa na utani.

Nikatoka kuleta rubabu, mti wake usije ukapasuka kwa baridi. Nikaiegemeza karibu na jiko. Mume wa Burulkan akaingia kutoka zizini, anakung'uta theluji, akaiona.

"Kumbe tuna mpigaji. Tupigie moja basi, ndugu yangu, tuisahau hii baridi."

Burulkan akaongeza maji kwenye beseni.