Niite Kama Ulivyozoea

"Sitaingia ukumbini na wimbo huo," bibi harusi alisema huku akipinda gauni lake mwenyewe, maana ushonaji ndiyo kazi yake.

Mchumba wake akashusha gita. Alikuwa ametungia harusi za watu wengi, na wimbo wa harusi yake mwenyewe ndio unaokataliwa, tena kesho ndiyo siku yenyewe!

"Una kasoro gani?"

"Umejaza kila unachokijua. Mstari wa kwanza tu umeshapanda juu kabisa. Ukifika kwenye jina langu utapanda wapi, darini?"

Shangazi, aliyekuwa akinyoosha shela kwa pasi, akaangua kicheko. Mwanaume akawaka.

"Basi tafuta mtunzi mwingine. Na bwana harusi mwingine!"

Mlango ukabamizwa.

"Mwanangu, mfuate!"

"Atarudi, shangazi. Namjua."

Alimaliza upindo wote taratibu, kisha akamwandikia mchumba wake kwenye simu: "Mume mtarajiwa, njoo. Gita liache huko, na hasira pia."

Jibu likaja: "Gita nimeliacha."

Alifika amenuna, akakaa ukingoni mwa kiti; shangazi akawapisha, akaenda chumba cha pili.

"Wanamuziki wenzangu watakuwepo wote," alisema. "Nikiimba kitu chepesi watasema sijui kazi."

"Unamwoa nani, mimi au wao?"

Akajisogeza, akakaa vizuri kitini.

"Haya, niite kama unavyoniita ukifika langoni."

Akaona haya, lakini akaita. Jina lile lilipanda kidogo, likashuka likatulia.

"Umesikia? Huo ndio wimbo. Rudia vilevile. Mara ya tatu ubadilishe mwisho. Hapo pumua, na sisi tupumue."

"Na ile sauti ya juu?"

"Mara moja tu, karibu na mwisho. Waache waingoje."

Akaimba, mara hii uso umekunjuka. Alipomaliza, mwanamke akaweka kidole mdomoni.

"Sasa tunyamaze, tuone kama wimbo utabaki kichwani."

Mara chumba cha pili wakasikia mtu anaimba kwa sauti ya chini wimbo uleule, kutoka mwanzo hadi mwisho.

"Shangazi, unaimba nini?"

"Hata sijui. Umening'ang'ania tu. Kwani wa nani?"

Mtunzi akacheka mpaka akajishika mbavu, akamshika mchumba wake mkono.

"Nisamehe, mama. Kesho nitakuita hivyohivyo."

"Ita tu. Nitakuja."

Na kesho yake akaita, mbele ya ukumbi mzima. Bibi harusi hakungoja ubeti wa pili. Akaanza kutembea.