Mkasi wa Utepe Mwekundu

Kila siku nikitoka shule nilipitia dukani kwa shangazi, nikaweka begi chini ya meza ya kukatia, nikafagia vipande vya vitambaa, kisha nikakaa kwenye stuli karibu na pasi kufanya kazi zangu za shule. Mama alitoka kazini saa kumi na mbili jioni, ndipo aliponipitia twende nyumbani. Muda huo niliupenda kuliko wote. Cherehani zilikuwa zikinguruma, redio ndogo ikizungumza peke yake juu ya kabati, na mimi nikizungumza kuishinda. Ndiyo maana Mama Vifungo alinibandika jina la Redio.

Mama Vifungo alishona na shangazi tangu duka lilipokuwa na cherehani moja ya kukanyaga. Kazi yake ilikuwa kukata karatasi za vipimo, kutoboa matundu ya vifungo na kushona vifungo vyenyewe. Macho yalikuwa yameanza kumtupa mkono, kwa hiyo uzi ulipogoma kuingia kwenye sindano aliniita mimi. "Redio, hebu njoo. Hili tundu limenikimbia tena."

Ukutani ilining'inia mikasi miwili. Ule wa utepe wa buluu ulikuwa wa karatasi. Ule wa utepe mwekundu, mkubwa na mzito, ulikuwa wa kitambaa tu. Kila fundi anajua kwamba karatasi huua makali ya mkasi wa nguo, na mkasi ukiwa butu hutafuna kitambaa badala ya kukikata. Juu ya msumari wa mkasi mwekundu shangazi alibandika tangazo kwa herufi kubwa: ATAKAYEKATA KARATASI KWA MKASI HUU ATALIAGA DUKA HILI SIKU HIYO HIYO. Siku moja nilimuuliza kama na mimi nimo.

"Hata bibi yako akija akakata, ataaga," alisema, na wala hakucheka.

Wiki hiyo shuleni tulikuwa na mdahalo. Mada ilikuwa "Adhabu ya kifo huzuia uhalifu," na mwalimu alinichagua kuwa msemaji mkuu wa upande unaounga mkono. Rafiki yangu tunayekaa naye dawati moja, ambaye darasa zima lilimwita Wakili kwa ubishi wake, alipewa upande wa kupinga. Hoja yangu niliipenda sana. Mtu akijua atalipa kwa uhai wake, hathubutu; na asipothubutu, uhalifu umekwisha. Niliona hakuna wa kuipangua. Kilichobaki kilikuwa kuiandika kwenye kadi ndogo nadhifu, kama wanazoshika watangazaji.

Jumatano jioni shangazi alikuwa ametoka kwenda kumpima bibi harusi. Mama Vifungo alikuwa uani akianua nguo, na mafundi wengine walikuwa wamekwenda kununua uzi. Nilikuwa na jalada kuukuu la karatasi ngumu, nikaanza kulikata kwa mkasi wa buluu. Ulikuwa butu hasa. Kingo za kadi zikatoka na meno, aibu tupu.

Nikautazama mkasi mwekundu. Nikatazama mlangoni. Tangazo lilikuwa mbele ya pua yangu na nililisoma lote, lakini nilijiambia ni kadi sita tu, nani atajua? Kadi nne zilikatika vizuri ajabu. Kwenye ya tano mkasi ukalia "kli". Ndani ya mkunjo wa jalada kulikuwa na pini ya stepla ambayo sikuiona. Nilipitisha kidole kwenye makali, nikahisi pengo dogo kama punje ya mchanga. Nikaufuta mkasi kwa sketi yangu, nikaurudisha msumarini, na kadi ya sita nikaimalizia kwa ule wa buluu.

Kesho yake nilipofika, shangazi alikuwa ametandika satini nyeupe ya bibi harusi mezani. Nilikaa kwenye stuli nikafungua daftari, lakini sikuona hata neno moja. Nilisikia mkasi ukitembea, kra, kra, kra, kisha ukakwama. Uzi mmoja ukavutika, na mkwaruzo mrefu ukakimbia hadi katikati ya kitambaa. Cherehani zote zikanyamaza.

Shangazi aliuinua mkasi kwenye mwanga wa dirisha, akaukagua polepole. "Nani amekata karatasi na huu?"

Mmoja mmoja, mafundi waligeuka wakamtazama Mama Vifungo, kwa sababu ni yeye pekee aliyekata karatasi kila siku.

"Sikumbuki kufanya hivyo," alisema Mama Vifungo.

"Hukumbuki, dada, au hukufanya?" shangazi alimuuliza.

Mama Vifungo alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena. "Jana mchana nilikata vipimo vya mikono. Nilinyoosha mkono ukutani nikachukua mkasi. Kwa macho haya yangu, siwezi kuapa kwamba ulikuwa ule wa buluu."

Nilitaka kusema. Kisha nikaliona tangazo. Kama adhabu ingekuwa kufagia mwezi mzima au kukaripiwa mbele ya watu, nadhani ningesema palepale. Lakini kuliaga duka, nisije tena kusikia cherehani zile? Nilinyamaza. Naona haya hadi leo kuandika hivyo, lakini ndivyo ilivyokuwa.

Shangazi alikunja satini bila kumtazama mtu. "Tangazo nililibandika kwa ajili ya wote. Nikikuacha wewe kwa kuwa ni wewe, kesho nitamwambia nini mwingine? Malizia mashati yaliyoko mkononi, dada. Kesho jioni tuagane."

"Sawa," alisema Mama Vifungo, akainamia shati lake.

Baadaye aliniita nimtilie uzi. Nilikosa tundu mara tatu.

"Redio imeishiwa betri leo?" aliniuliza kwa sauti ya chini. Alipoona machozi yananilengalenga, alinipapasa bega. "Usinililie, mwanangu. Kinachonisumbua ni kimoja tu, kwamba nimejaribu kukumbuka nilivyokata na sikumbuki. Sasa nauogopa hata mkono wangu mwenyewe."

Maneno hayo yalinifuata hadi nyumbani. Chakula hakikupita. Mama alinishika paji la uso akauliza kama ninaumwa, nikasema ni mdahalo tu.

Ijumaa mchana nilisimama mbele ya darasa na kadi zangu sita. Nilisoma hoja zote, lakini sauti ilikuwa ya mtu mwingine. Nilipofika kadi ya tano niliona pale ukingo ulipochanika, mahali mkasi ulipolia, nikaruka mistari miwili. Hata hivyo upande wangu ulipiga makofi.

Wakili alisimama, akaweka mikono nyuma kama mtu mzima. "Nina maswali mawili kwa msemaji. La kwanza, mtu anapotaka kufanya kosa, huwa anapima ukubwa wa adhabu, au anaangalia kama kuna anayemwona?"

Nilikumbuka jinsi nilivyotazama mlangoni.

"La pili. Tuseme mmemnyonga mtu, halafu kesho mkagundua hakuwa yeye. Mtamwendea wapi kumwomba radhi?"

Darasa zima lilinigeukia.

"Msemaji, una jibu?" aliuliza mwalimu.

"Ninalo, mwalimu," nilisema. "Lakini pa kulisemea si hapa."

Wenzangu waliangua kicheko, na upande wangu ukashindwa kwa kura nyingi. Sikungoja hata kusikia hesabu. Kengele ilipolia nilikimbia njia nzima, nikiogopa kwamba nitakuta kiti cha Mama Vifungo kitupu.

Nilimkuta. Alikuwa ameshaweka miwani ya akiba na mto wake wa sindano ndani ya mfuko, na alikuwa akikata uzi wa kifungo cha mwisho. Shangazi alikuwa mezani amempa mgongo. Nilipiga moyo konde, nikapanga kadi sita mbele yake.

"Shangazi, ni mimi."

Alichukua kadi moja, akapitisha kidole ukingoni. "Huu si mkato wa mkasi wa buluu," alisema. Alipofika kwenye ya tano aliishika muda mrefu. "Tangazo hukuliona?"

"Nililisoma lote."

"Halafu?"

"Sikulijali. Nilichofikiria ni kwamba wewe hupo."

"Na jana, ulipomwona mama yako huyu anafukuzwa?"

"Hapo ndipo liliponitisha. Ndilo lililonifunga mdomo."

Shangazi aliketi kwenye stuli yangu. Akamgeukia Mama Vifungo. "Dada, kumbe hukufanya. Mbona ulikubali?"

"Sikukubali," alisema Mama Vifungo. "Nilishindwa kukataa."

Niliokota begi langu nikaelekea mlangoni, maana tangazo lilikuwa tangazo.

"Wewe, unakwenda wapi?" aliita shangazi.

"Ninaaga."

"Rudi hapa." Alipanda juu ya stuli, akalibandua lile tangazo, akalikunja mara nne. "Hebu nisikilize. Nilidhani maneno makali yatanilindia mkasi wangu. Siku ya kukata hayakukuzuia, na siku ya kusema ukweli yakakuziba mdomo. Mimi ni fundi wa nguo. Mambo ya mahakama na vitanzi, waulize walimu wako. Ninachojua ni kwamba jana nilihukumu nikiwa na uhakika wote, na nilikosea. Bahati yangu, niliyemhukumu bado amekaa pale." Alishuka, akaenda kusimama mbele ya cherehani ya Mama Vifungo. "Nisamehe, dada."

Mama Vifungo alimshika mkono, wakakaa hivyo kidogo.

"Na wewe usijione umepona," shangazi aliniambia, akijipangusa macho kwa ncha ya kanga. "Kukiri hakukushona ile satini. Sasa hivi tunakwenda wote kwa bibi harusi, na utamweleza wewe, kwa mdomo wako. Kesho utaipeleka mikasi yote miwili kwa mnoa visu. Yote miwili, maana ule wa buluu niliuacha butu muda mrefu, na hilo ni langu. Kisha utafagia hapa hadi nitakapokwambia basi. Kuanzia leo, anayeharibu kitu anakuja kusema na anasaidia kutengeneza. Hatafukuzwa, lakini hataachiwa pia. Umeelewa?"

"Nimeelewa, shangazi."

Tulikuwa mlangoni Mama Vifungo aliponiita. "Redio, kabla hujaenda, nitilie uzi. Lile tundu limekimbia tena."

Nilikosa mara mbili. Mara ya tatu uzi ukaingia. Aliipokea sindano, akatoa mto wake kwenye mfuko, akaurudisha mahali pake kando ya cherehani, na kuichomeka sindano hapo.