Kioosemi cha Mzee Lugusha

Treni ya angani iliingia kituo cha Cheyo bila kishindo, ikatulia juu ya sumaku zake, na sauti nzito yenye mkwaruzo wa tumbaku ikasema, "Tumefika Cheyo. Wazee washuke kwanza, nyinyi wengine mna magoti mapya." Abiria wakacheka, kama walivyocheka jana.

Tabora nzima iliongozwa na sauti ile. Mtambo wenyewe waliuita Sautimji. Ndio ulioita treni, ukafungua milango, ukapandisha lifti, ukawaamuru roboti wa barabarani wasimame mtoto akivuka. Na koo lililokopeshwa mtambo huo lilikuwa la mtu mmoja, Mzee Yasini Lugusha, mtangazaji wa zamani wa stesheni. Wakati huohuo mzee mwenyewe alikuwa amekaa sebuleni kwake, ghorofa ya juu ya kituo kilekile, kavaa kanzu mpya, hawezi kusema hata "nileteeni maji."

Kiharusi kilikuwa kimemnyang'anya sauti na mkono wa kulia. Ile sauti iliyobaki mtamboni hakuruhusiwa kuitumia. Milango na treni ziliitii, kwa hiyo sheria ya mji ilikataza chombo cha mtu binafsi kuitoa, hata kama mtu huyo ndiye mwenyewe. Angeomba chumvi mezani, pengine mahali fulani treni ingesimama.

Ndiyo maana binti yake Nyamizi, mhandisi wa vyombo vidogo, alimtengenezea njia nyingine. Ukosihisi, kitambaa laini cha kuvaa shingoni, ulisoma jinsi koo na ulimi vinavyojaribu kusema. Kioosemi, kioo kidogo chenye akili, cha kutosha kiganjani, kingening'inia kifuani na kuandika maneno hayo. Ukosi ulikuwa tayari. Programu ilikuwa tayari. Kilichobaki ni kuunganisha kioosemi na kompyuta na kukimiminia programu hiyo, na siku iliyobaki kwa kazi hiyo ilikuwa siku ya harusi ya Nyamizi mwenyewe.

Sebuleni wageni walikwisha kukaa mikekani, harufu ya pilau ikiwasumbua. Sheikh Kilindi alikuwa ameshasema wazi: mzee akishindwa kumwozesha binti yake kwa maneno yake, yeye sheikh atapokea uwakala kwa ishara ya kichwa cha mzee, amwozeshe kwa niaba yake. Mzee Lugusha alikuwa amekataa kwa mkono wa kushoto, mara mbili, kwa nguvu.

Chumba cha ndani, nyuma ya pazia, bi harusi alikaa na hina mbichi mikono yote miwili, amri zikimtoka.

"Shangazi, chomeka waya."

"Mimi ni somo wako wa kukufunda, si fundi wako," alisema Shangazi Siwema. Lakini alichomeka. Taa ndogo pembeni ya kioosemi ikawaka. Kompyuta ikakaa kimya, kama haijaona mgeni yeyote.

"Huo ni waya wa kula tu," Nyamizi alisema. "Unapitisha umeme, haupitishi maneno. Chukua ule mnene."

Mji ule ulikuwa umeacha waya zamani, kila kitu kilipita hewani. Ila mara ya kwanza, kioosemi hakipokei programu hewani, mtu asije akakiharibu kwa mbali. Ule mnene ukachomekwa. Taa ikawaka. Kompyuta, kimya.

"Anauliza sheikh, mambo vipi huko," sauti ikapenya paziani.

"Mwambie bi harusi anapaka wanja," Shangazi alijibu.

Nyamizi akainama, uso karibu uguse kioo. Ndege-posta alikuwa amekileta wiki iliyopita, Shangazi akakipokea, na kwa kuwa mwali hashiki kazi, hakumkabidhi hadi asubuhi ile. Sasa aliona kwa nini kinang'aa vile.

"Shangazi, hiki umekifanyaje?"

"Nimekivisha. Nailoni ndani, kitambaa cha kufuma juu. Kitu kipya kinakaa uchi? Rimoti yangu ina nailoni tangu wewe hujazaliwa, na haina hata mkwaruzo."

"Na ulikaza."

"Nilikaza sana."

Nyamizi alifumba macho. Nyuma ya kioosemi kulikuwa na vitufe viwili. Kimoja cha kukianzisha upya. Cha pili, cha chini yake, cha kukifungua kipokee programu: unakibana huku unachomeka waya. Nailoni ya Shangazi ilikuwa imekigandamiza kile cha kwanza tangu wiki iliyopita. Kioo kilikuwa kama mtu anayeamshwa na kusukumwa tena kitandani, bila kukoma.

"Ivue."

"Hii nimeifuma kwa mkono wangu, Nyamizi."

"Shangazi yangu. Nikishika mimi, hina itaingia ndani ya kioo. Ivue."

Shangazi alitazama pazia. Upande wa pili wa pazia alikuwa kaka yake, amenyoosha mgongo, anasubiri. Akaipeleka nailoni mdomoni, akaichana kwa meno.

"Bana kitufe cha chini. Usiachie. Sasa chomeka."

Kompyuta ikalia mlio mmoja mfupi. Kioosemi kikaonekana, mstari wa kupakia ukaanza kutambaa, ukajaa. Shangazi akapiga kigelegele mapema, huko sebuleni wakaitikia bila kujua wanaitikia nini.

Walipomvika mzee ukosi na kioosemi, kioo kilikaa kitupu kwa muda. Bwana harusi, Habibu, alikuwa ameinamisha kichwa mbele yake, mkono wake ndani ya mkono wa kushoto wa mzee. Koo la mzee likatikisika. Herufi zikaja taratibu, na sheikh akazifuata kwa kidole, akizisoma kwa sauti:

*Habibu. Nimekuozesha binti yangu Nyamizi, kwa mahari tuliyokubaliana.*

"Nimekubali kumuoa," alisema Habibu.

Safari hii vigelegele vilikuwa na sababu. Katikati ya kelele, treni ikaingia kituoni chini. "Tumefika Cheyo," ilisema ile sauti. "Wazee washuke kwanza."

Mzee Lugusha akageukia dirisha.

*Huyo naye anaongea sana.*

Watu walicheka mpaka sheikh akavua miwani. Nyamizi alichungulia kwenye upenyo wa pazia, mikono juu, hina ikimchuruzika viwikoni. Baada ya kiharusi, alikuwa akipanda treni hadi kituo cha mwisho na kurudi, hana aendako, ili tu asikie baba yake akimwambia mtu ashuke salama. Mtambo haukuwahi kumwita jina. Leo treni iliondoka, hakuisikia. Alikuwa amekikodolea macho kile kioo kidogo, anasubiri mstari unaofuata.