Boti ya Harub na Bismillahi ya Ijumaa

Sogeeni, jamaa zangu, na anayetaka kahawa ajimiminie mwenyewe, maana mkono wangu mmoja una tasbihi na wa pili nnauhitaji kusemea. Nyote mwanijua. Nimestaafu zamani, elimu yangu niliiokota kwenye magazeti yaliyofungiwa samaki, na mkiniachia nitakuelezeni nilivyomnasa nguru pale Mutrah akatuvuta mpaka Sur, tukasali adhuhuri njiani na yeye akitungoja. Hayo yawekeni. Leo nasema habari ya nyumba ya jirani yangu, na hii sikuitia chumvi. Ina chumvi yake yenyewe.

Nyumba yenyewe ipo Madinat Qaboos, hapa hapa Maskati, ukuta wake na wangu ni mmoja. Mwenye nyumba ni Harub, mtu wa serikali, kila asubuhi hupambana na foleni ya magari kwenda wizarani kwake Al Khuwair. Mkewe ni Shaikha, mwalimu. Watoto wao ni Sami na Balqis. Na juu ya wote hao yupo mama yake Harub, Bi Khole, aliyezaliwa Unguja akaja Maskati mtu mzima. Mpaka leo Kiarabu chake kina tui la nazi ndani yake.

Mngeiona nyumba ile siku ya Ijumaa, mngeitamani. Wanaume wakirudi msikitini hukuta busati limetandikwa na sinia katikati, limefunikwa kawa. Wali wa nazi, mchuzi wa nguru, achari ya ndimu. Na mimi, tangu mke wangu alipokufa, nlikuwa na pembe yangu pale, upande wa kichwa cha samaki. Bi Khole hunigongea ukuta: "Murshid, wali!" Basi.

Lakini palikuwa na sheria. Tangu mume wa Bi Khole kufariki, hapana mkono uliokuwa ukiingia siniani mpaka Harub akae, anawe, aseme bismillahi kwa sauti. Mtoto akilia njaa, anangoja. Mgeni akitoka safari, anangoja. Bi Khole akisema, wali ukipoa utapashwa moto, desturi ikipoa haipashiki.

Sasa, magoti ya Bi Khole yalianza kugoma. Gari ya Harub ilikuwa ya chini, kumtoa ndani ni kama kumng'oa muhogo. Wakaafikiana wote nyumbani inunuliwe gari ndefu, ya mlango mpana, ili mama atembezwe, aende kwa jamaa zake Seeb, aone watu. Alasiri moja Harub akanichukua twende naye Wattaya, kwenye maduka ya magari.

Tulikwenda kununua gari. Tulirudi na boti.

Ilikuwa imesimama juu ya trela yake nje ya duka, nyekundu, nyembamba, pua yake kama ya samaki chuchunge, na nyuma mashine mbili kubwa kama mafriji. Boti ya mbio. Muuzaji wake, Ghassan, kijana wa manukato na miwani ya jua, alituambia mwenye boti kahama nchi, kaitumia kidogo, tena ni boti ya familia. Alikuwa keshaitilia mpira wa maji, mashine zisiungue nchi kavu. Akabonyeza kidude, mashine zikanguruma, na njiwa wote wa Wattaya wakaruka. Nimesikia walitua Nizwa.

Mimi nikaweka kiganja juu ya kifuniko cha mashine. Moto. Nasi ndiyo kwanza tumeshuka garini. Mashine iliyolala haina joto. Kuna mtu aliiamsha kabla hatujafika, ili tusione inavyoamka kwa taabu. Nikamnong'oneza Harub.

Akanitazama kwa huruma. "Ammi Murshid," akasema, "Maskati nzima ina joto."

Msimdhanie mbaya. Harub hakununua boti kwa kiburi. Njiani alinieleza moyo wake. Alisema nyumbani kwake watu wakiondoka siniani kila mmoja anakwenda chumbani na simu yake, mlango unafungwa, na yeye anabaki ukumbini kama mgeni aliyesahauliwa. Baharini, akasema, hakuna chumba cha kujifungia. Tutakuwa pamoja tu, tutake tusitake. Na mimi, mtu ninayelala nyumba tupu, maneno yale yalinigusa, habari ya mashine nikaiacha.

Trela ilipoingia getini, watoto walishangilia. Shaikha aliizunguka ile boti mara moja, polepole, halafu akauliza, "Mama atakaa wapi?"

Lilikuwa suali la haki. Viti vyake havikuwa viti, ni migongo ya kuegemea. Mtu husimama na kushika chuma. Kivuli hakuna. Ngazi hakuna.

"Tutamwekea mto," Harub akasema.

Na kweli, safari ya kwanza tulimwekea mto. Mimi na Harub tulimnyanyua Bi Khole kutoka gatini, tukamkalisha chini sakafuni. Harub alipotia moto, pua ya boti ikapanda juu, na yule mama hakuona bahari wala jabali. Aliona mbingu tu. Upepo ukachukua mtandio wake. Hakuna aliyesikia neno la mwenzake. Mimi meno yangu ya bandia niliyakuta mfukoni, na sijui yaliingiaje.

Tuliporudi, Harub alipiga magoti mbele ya mama yake, uso umejaa furaha. Akamuuliza ameionaje.

"Nzuri, babangu," Bi Khole akasema. "Imenifurahisha."

Lakini mkono wake ulioshika chuma ulikuwa umekataa kufunguka. Shaikha aliukunjua kidole kwa kidole, huku akinitazama mimi, nami nikatazama pembeni. Jamaa zangu, mimi ni fundi wa uongo, nisikilizeni: uongo mbaya ni ule wa mzazi kumridhisha mwanawe. Mdomoni hauna dalili, na mwana huuamini maisha.

Bi Khole hakupanda tena. Kila akiambiwa, magoti yanauma. Harub akaona, haya, mama keshafurahi siku yake, atazoea. Na boti nayo ikaanza maradhi. Ikitengenezwa mafuta, yanavuja maji. Yakizibwa maji, umeme unakatika. Siku ya mtu wa serikali kushughulikia mambo kama hayo ni Ijumaa, ofisi zimefungwa. Harub akawa anasali msikiti wa karibu na maboti, na kila mara akiondoka nyumbani anasema anakwenda kuijaribu tu.

Ijumaa ya kwanza tulingoja kidogo. Nyengine tukangoja mpaka wali ukapashwa moto mara mbili. Watoto wakaanza kula mapema vyumbani mwao, jambo ambalo halijapata kutokea nyumba ile. Shaikha alimwambia mumewe kwa upole, halafu bila ya upole, na mwisho akawa anawachukua watoto kwenda kula kwa mama yake Seeb. Hata mimi nikaona haya kukaa kumkodolea macho mama wa watu na sinia lililofunikwa. Nikawa nangoja mpaka nigongewe ukuta. Na sinia nalo likawa linapungua. Kwanza Bi Khole aliliweka kabatini lile kubwa la harusi, akatoa la kati. Halafu akatoa dogo. Mwisho akawa anapakua kwenye lile la kuwekea vikombe vya kahawa. Lakini sheria hakuipunguza. Harub hajaja, yeye hali chakula.

Na Harub je? Wale marafiki wa ofisini waliokuwa wakipigania nafasi botini walichoka kusukuma trela, wakapotea mmoja mmoja. Nilimwona siku moja kutoka ufukweni. Amesimama peke yake, migongo ya viti mitupu pembeni yake, anakata maji kwenda, anakata maji kurudi. Alinunua kile chombo ili watu wasijifungie vyumbani, na sasa yeye ndiye aliyekuwa na chumba kikubwa kuliko vyote, na hakina hata mlango wa kubishwa.

Ikafika Ijumaa yenyewe.

Bi Khole ana sukari. Hujidunga sindano, halafu hula. Asubuhi ile Harub alimkumbatia mlangoni, moyo unamsuta, akamwambia leo anarudi mapema, wallahi. "Usile bila ya mimi, mama." Maneno ya mapenzi, na ndiyo yaliyotaka kumuua.

Shaikha na watoto walikuwa wamekwenda Seeb. Bi Khole alipika kama kawaida ya zamani, akatoa lile sinia kubwa la harusi. Aliposikia msikitini wanatoa salamu, akajidunga sindano yake, kwa hesabu kwamba mwanawe yuko njiani. Akakaa.

Wakati huo Harub alikuwa mbali, kupita Bandar Jissah. Alizima mashine ajichovye majini kidogo kabla ya kurudi. Akaogelea, akapanda, akajifuta. Mashine zikapoa. Na zilipopoa ndipo alipojua lile joto la Wattaya lilikuwa la nini. Alibonyeza kidude mpaka betri ikafa. Simu haikamati. Jua, maji, na yeye.

Mimi nilikuwa kwangu nangoja ukuta. Njaa inauma, ukuta kimya. Nikajiambia Harub kachelewa, kama desturi. Ilipokaribia alasiri ule ukimya ukanikaa vibaya. Nikaenda, nikapiga hodi mpaka nikachoka hodi, nikaingia.

Bi Khole amekaa wima mbele ya sinia, kawa liko juu yake, halijaguswa. Jasho linamtiririka na kiyoyozi kinapuliza. Macho yamefunguka lakini hayanioni. Mikono inatetemeka mapajani. Mimi mwenyewe nna sukari, hali ile naijua: sindano imeishusha sukari, na tumbo halina kitu. Nikavuta bakuli la halwa lililokuwa karibu na dele la kahawa, nikachota kwa kidole, nikampelekea mdomoni.

Akafunga mdomo. Akageuza uso.

"Bado," akasema, sauti kama ya mtu aliye ndotoni. "Harub bado hajaja."

Nikamsihi, nikamwambia ni Murshid, kula Bi Khole, utakufa. Mdomo umefungwa. Mama mzima anakufa mbele ya sinia la wali, kwa adabu.

Basi nikafanya ninachokijua. Nikakaa mahala pa Harub. Nikaikaza sauti yangu hii kongwe iwe ya kijana, nikasema, "Mama, nimekuja. Bismillahi."

Mdomo ukafunguka.

Nilimlisha ile halwa kidogo kidogo, kama mtoto, na huku nnapiga simu kwa mkono wa pili. Gari ya wagonjwa ikaja. Shaikha akaja mbio kutoka Seeb bila ya viatu. Na Harub aliletwa baada ya magharibi. Wavuvi walimkuta, wakamvuta mpaka pwani na boti yake nyekundu nyuma kama ng'ombe aliyeibiwa. Aliingia hospitali nguo zimekakamaa kwa chumvi. Mama yake alikuwa keshazinduka. Alimshika uso akamuuliza, "Ushakula, babangu?"

Daktari alimwambia Bi Khole maneno machache: sindano na chakula ni ndugu, usiwatenganishe, usimngoje mtu. Na Bi Khole, mtu wa sheria, akaishika na hiyo.

Sasa nendeni mkaione nyumba ile. Boti ipo ukutani chini ya turubai. Hakuna anayeitaka, na paka kazalia ndani. Gari ndefu ilinunuliwa, lakini Bi Khole hana tena hamu ya kutoka. Shaikha na watoto wamerudi siniani. Na Harub, imamu akitoa salamu, yeye ndiye wa kwanza kutoka, kiatu kimoja mguuni, kimoja mkononi. Anafika, anakuta busati limetandikwa, sinia kubwa liko katikati, na upande mmoja wa wali, upande wa mama yake, umeshaliwa. Bi Khole hula wanaume wakiwa bado msikitini. Amekaa pale, mikono keshanawa.

Siku ya Idi Harub alijikaza. Alimwuliza mbele yetu sote, taratibu, "Mama, hata leo hukuningoja?"

Bi Khole alimpapasa goti. Hakuwa na hasira hata chembe, na hilo ndilo lililouma.

"Nlikungoja sana, babangu," akasema. "Imetosha. Sema bismillahi, wenzako wana njaa."

Harub akasema bismillahi. Ilikuwa ndogo, hata mimi niliye karibu sikuisikia vizuri.

FUNZO

Enyi wenye nyumba, ukitaka kununua kitu kwa jina la familia, usiulize kinakwenda kasi gani. Uliza kama alivyouliza Shaikha: mama atakaa wapi? Kikiwa hakina mahala pa aliye dhaifu kuliko wote nyumbani, basi si cha familia. Ni chako wewe na upweke wako, na upweke haupozwi kwa kuununulia mashine.

Nanyi wazee, muogopeni Mungu, msiseme nzuri kwa kitu kilichokutoeni roho. Na nyinyi wana, mzazi akisema nzuri, msimtazame mdomo. Mtazameni mkono.

Anayekungoja hakungoji milele. Huchoka, tena huchoka kwa upole, wala hatakwambia siku aliyoacha.

Haya, inukeni. Leo ni Ijumaa, mmenisikiliza vya kutosha, na huenda mmoja wenu anaye mtu nyumbani ambaye mpaka saa hii hajala.