Kitufe Alichokibofya Chiriku

Kila Jumamosi asubuhi Chiriku alifagia karakana ya mama yake, akaokota vipande vya nyuzi chini ya mashine ya kudarizi, kisha akawasha kompyuta. Walimwita Chiriku kwa sababu mdomo wake haukujua kupumzika. Kompyuta ile ndiyo iliyoiongoza mashine wapi pa kushona na kwa rangi gani. Bila hiyo, mashine ilikuwa meza tu.

Kwa muda mrefu skrini ilikuwa ikileta ujumbe uleule: "Sasisha mfumo sasa" au "Nikumbushe baadaye." Mama alibofya "baadaye" kama mtu anayefukuza nzi. "Inaniona sina kazi!" alisema.

Jumamosi hiyo timu ya netiboli ya shule, ambayo Chiriku mwenyewe aliichezea, ilikuwa na fainali jioni, na jezi hazikuwa na nembo bado. Mama alikuwa nje akipokea vitambaa. Ujumbe ukaja. Chiriku akaona amwondolee mama kero hiyo moja kwa moja. Akabofya "sasa."

Skrini ikageuka bluu. "Inasasisha. Usizime kompyuta." Vidoti vikazunguka, vikazunguka, kisha vikaganda. Chiriku akabonyeza kipanya mpaka kidole kikauma. Aliposikia viatu vya mama mlangoni, akaachia kipanya. Akashikilia kitufe cha kuzima mpaka skrini ikawa nyeusi.

"Mbona hujawasha?" mama aliuliza.

"Sijui, mama. Inakataa."

Mama akawasha. Kompyuta ikanguruma, ikaonyesha vidoti, ikajizima. Akachomoa waya, akachomeka. Ikajizima tena. Akaipiga kofi ubavuni. "We dude, umeona leo ndiyo siku ya kunifanyia vituko?"

Nahodha wa timu akachungulia dirishani. "Shikamoo, mama. Jezi tayari?"

"Marahaba. Kompyuta imegoma."

"Jamani! Tutavaa magunia?" Akamgeukia Chiriku. "Na wewe leo umemeza gundi? Si useme kitu!"

Chiriku aliinama, akafagia mahali alipokwisha kufagia.

Mama akampigia simu fundi wa kompyuta, naye alipofika alibonyeza hapa na pale, akatikisa kichwa. "Mfumo umekufa, dada. Dawa ni kufuta kila kitu niweke mpya."

"Na michoro yangu ya nembo?"

"Itaondoka nayo. Una nakala mahali pengine?"

Mama hakuwa nayo. Alikaa juu ya robota la vitambaa, mikono mapajani. Chiriku hakuwahi kumwona mama yake, mwanamke aliyebishana hata na mvua, amekaa bure hivyo.

"Futa," mama alisema kwa sauti ndogo. "Nifanyeje?"

Fundi akachomeka flashi yake.

"Usifute!" Chiriku alipiga kelele. "Ni mimi! Nilibofya sasisha, ikaganda, nikaogopa, nikaizima kwa nguvu!"

Fundi akachomoa flashi. "Kumbe haijafa! Imekatizwa katikati ya kazi. Naiwasha kwa njia ya kujirekebisha, kisha tuiache ijirudishe yenyewe. Mtu asiiguse."

Kusubiri kukawa adhabu. Watatu wale waliukodolea macho ule mduara wa vidoti. Hapakuwa na cha kubofya wala cha kushona. Nahodha alikuja, akaangalia, akaondoka. Jua lilikuwa limehama mlangoni kitambo skrini ilipoandika, "Mfumo umerejeshwa."

Fundi alinakili michoro kwanza. Kisha mashine ikaanza kupiga kelele zake, mama akivuta jezi moja na kuweka nyingine, Chiriku akikata nyuzi. Nahodha alirudi, akaondoka mbio na mzigo wa jezi.

Mama akazima mashine. "Kubofya si dhambi. Mimi nami nimeahirisha sasisho hilo mpaka limetuumbua. Lakini uliniacha nihangaike, na jibu ulikuwa nalo wewe. Kidogo tufute kazi yangu yote kwa sababu ya uoga wako. Ukiharibu kitu, sema papo hapo, hata kama unatetemeka. Umenielewa?"

"Ndiyo, mama. Nisamehe."

"Nimekusamehe. Ila muda umetuishia, na jezi iliyobaki ni yako."

Chiriku aliipokea jezi yake isiyo na nembo, akaivaa palepale, akakimbilia uwanjani.