Nkoma Hunywa Kwanza

Jumatatu Doto aligongwa na gari. Jumanne akazikwa. Jumatano akatia saini.

Simu ya Milembe, afisa usalama, ilitetemeka akiwa matangani kijijini Nkoma, amekaa mkekani karibu na mama yake.

"Kituo kwa Mamba. Mitambo ya maji imepokea programu mpya. Bariadi, Maswa, Meatu. Saini ni ya kaka yako."

"Kaka yangu yuko kaburini."

"Tunajua. Lakini mfumo umeikubali. Inaanza kazi saa kumi, na kuifuta kunataka ufunguo uleule wa saini."

"Nkoma imepokea?"

Vibonye vya kompyuta vikasikika upande wa pili.

"Hapana. Imerukwa."

Milembe akasimama.

Doto, mhandisi wa mitambo hiyo, hakupeleka programu popote kabla ya kuijaribu kwenye mtambo wa kijiji chao. Glasi ya kwanza alikunywa mwenyewe, mama yake akimtazama. Ufunguo wa saini, kidude kidogo kuliko kidole, aliuvaa shingoni. Maiti yake ililetwa bila huo ufunguo.

Ile haikuwa ajali.

"Mayu, narudi," alimwambia mama yake.

Prado ilitimua vumbi mpaka makao ya mitambo, Bariadi. Bastola ya Glock kiunoni, kanga ya msiba mabegani.

Marcelo, mhandisi mwenzake Doto, alikuwa peke yake kwenye chumba cha mitambo. Ufunguo ulikuwa umechomekwa kwenye kompyuta.

"Pole na msiba, dada. Mbona umetoka matangani mapema?"

"Futa hiyo programu."

"Soma skrini. Klorini iko sawa." Akacheka. "Itasema hivyo hivyo hata watu wakitapika damu. Wanaonilipa huko ng'ambo wanaanza na mkoa mmoja."

"Umeiruka Nkoma."

"Kijiji cha pamba na ng'ombe! Nani anajali?"

"Doto."

Mkono wa Marcelo ulichupa kwenye droo.

Glock ikalia mara moja.

Bastola ya Marcelo ikaanguka sakafuni, naye akaifuata, ameshika bega. Milembe alimruka, akaketi, akaamuru mitambo yote irudi kwenye programu ya zamani.

Saa kumi ikafika. Pampu zikaendelea kunguruma kama jana.

"Kituo, imefutwa. Leteni pingu na daktari."

"Safi, Mamba. Ripoti ofisini."

"Ofisi itasubiri. Nina msiba."

Akachomoa ufunguo, akauvaa shingoni, akajitanda kanga yake na kutoka bila haraka.

Siku hizi programu mpya huanzia Nkoma, na glasi ya kwanza hunywa Milembe.